Mzee Mwenye Kipara

Waya ulikuwa mfupi. Kutoka kwenye kompyuta mpakato hadi kwenye televisheni ulipungua kama shibiri mbili, kwa hiyo mwandishi wetu alipindua ndoo tupu ya rangi, juu ya ndoo akaweka stuli, juu ya stuli kamusi mbili, na juu ya kamusi ndipo kompyuta ikakaa, ikiyumba kila feni ilipoigeukia. Shangazi, aliyekuwa amekuja Dar es Salaam kutoka Tanga kwa ajili ya kliniki ya macho, aliutazama mnara ule kutoka kwenye kochi, akauliza kama ghorofa za juu zina wapangaji.

Mwandishi wetu alikuwa na kazi ya wiki moja. Mhariri alimwagiza makala kuhusu futuhi za Shakespeare zilizogeuzwa filamu, naye alikwisha kuwa na hoja yake kabla ya kutazama hata filamu moja: tatizo ni lugha. Mtu wa leo ataucheka vipi mzaha ulioandikwa London miaka mia nne na ushee iliyopita? Angetazama filamu kila usiku, angethibitisha hoja, angelipwa. Shangazi hakuwamo katika mpango huo. Lakini sebule ilikuwa moja, na kochi la sebuleni ndilo lililokuwa kitanda chake, kwa hiyo chochote kilichowashwa baada ya taarifa ya habari ya saa mbili kilikuwa halali yake.

Daktari alikuwa amemwambia ana mtoto wa jicho, ila bado mchanga. Kwa jinsi Shangazi alivyotazama filamu wiki ile, mwandishi wetu alianza kumshuku daktari.

Walianza na A Midsummer Night's Dream ya mwaka 1935. Wapendanao wanne wanapotea msituni usiku, vibwengo wanawachezea, na fundi mmoja mfumaji anajikuta na kichwa cha punda huku malkia wa vibwengo akimwita kipenzi. Katika kumbi za wazi za zama za Shakespeare mchezo ulichezwa mchana kweupe. Mwigizaji akisema ni usiku, basi ni usiku; akisema hapa ni msitu, mtazamaji anaupanda mwenyewe kichwani mwake. Kamera haina heshima hiyo. Ukiitajia msitu, inadai miti.

Kampuni ya Warner Bros ikaipa miti. Max Reinhardt, mwongozaji mashuhuri wa jukwaani kutoka Austria, alikuwa ameuonyesha mchezo huo mwaka 1934 katika uwanja wa wazi wa Hollywood Bowl, na kampuni hiyo, iliyojulikana zaidi kwa filamu za majambazi, ikamkabidhi studio pamoja na William Dieterle wa kusaidiana naye. James Cagney, ambaye watazamaji walimzoea akiwa na bastola, ndiye aliyevikwa kichwa cha punda. Msitu ukajengwa ndani ya studio, mnene hasa, mnene kiasi kwamba taa hazikupenya na picha zikatoka nyeusi tii. Akaletwa mpiga picha mwingine, Hal Mohr, kuokoa jahazi. Alipunguza matawi, kisha akaipulizia miti rangi ya alumini.

"Miti hiyo inang'aa kama bati jipya," Shangazi alisema, mwandishi wetu akiwa bado anatafuta kalamu.

Ndiyo, ni rangi ya jamii ileile inayopakwa mabati. Mohr alitandaza pia utando bandia wa buibui na chembe za kumetameta ili kila jani lirudishe mwanga kidogo, na kwa bati lile la msituni akapata tuzo ya Oscar. Aliipata kwa njia ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuipata nayo: jina lake halikuwamo kwenye orodha ya waliopendekezwa, wapiga kura waliliandika wenyewe kwenye karatasi.

Baadaye kidogo Shangazi akauliza, "Na huyo mtukutu mbona sasa anachungulia tu vichakani? Mwanzo si alikuwa anaruka?"

Mtukutu huyo ni Puck, kibwengo mkorofi, na aliyemwigiza ni Mickey Rooney, mtoto wa miaka 14. Filamu ikiwa bado inapigwa, alikwenda kucheza kwenye theluji, akateleza, akavunjika mguu. Wakamtumia mtoto mwingine kwa picha za mbali, na kwingine wakamficha na plasta yake nyuma ya vichaka huku mafundi wakimsukuma kwa baiskeli ili aonekane anapaa. Mwandishi wetu alisoma habari hizo usiku wa manane, baada ya Shangazi kulala, na akaona haya kidogo. Yeye alikuwa ameandika daftarini ukurasa mzima kuhusu mashairi. Mguu hakuuona.

Usiku wa pili ulikuwa wa The Taming of the Shrew, hadithi ya Katherina, mwanamke mkali wa mji wa Padua, na Petruchio, mwanamume anayemwoa ili amfunze adabu. Shangazi alikwama mapema, kwenye mahari. Mwandishi wetu alijaribu kumweleza kwamba Petruchio anamuuliza baba wa bibi harusi atapewa kiasi gani, na baba anataja krauni 20,000.

"Baba wa binti ndiye anayetoa?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Kumlipa mtu aje amchukue?"

"Ndivyo ilivyokuwa huko."

"Mnh. Basi huyo baba naye alikuwa amechoka."

Filamu yenyewe ni ya 1929, moja ya zile za mwanzo kabisa zilizompa Shakespeare sauti kwenye sinema, na waigizaji wake wakuu walikuwa mume na mke: Mary Pickford na Douglas Fairbanks, wafalme wa Hollywood wa siku zile, waliooana mwaka 1920. Wazo lilionekana zuri kwenye karatasi. Watu walilipa kuwaona wapenzi maarufu wakirushiana vitu. Tatizo ni kwamba kufikia wakati huo ndoa yenyewe ilikuwa ikitia maji. Pickford alikuja kusimulia katika kumbukumbu zake kwamba mumewe alikuwa akichelewa kazini huku yeye na wafanyakazi wote wamekaa wanamngoja, na kwamba hakujifunza maneno yake, ikabidi yaandikwe kwenye mbao kubwa ayasome kamera ikizunguka. Waliachana rasmi mwaka 1936. Kuna pia utani wa siku nyingi kwamba filamu ilitangazwa kuwa imeandikwa na William Shakespeare, na maneno ya nyongeza na Sam Taylor, mwongozaji. Utani huo umeishi kuliko filamu, ingawa tangazo lenyewe limekuwa gumu kuthibitishwa.

Mwishoni mwa mchezo, Katherina anasimama mbele ya wageni na kutoa hotuba ndefu kuhusu wajibu wa mke kumtii mumewe. Hotuba hiyo imewasumbua waongozaji wa karne nzima. Aitoe kwa moyo? Kwa kejeli? Akiwa amevunjika? Pickford aliitoa kwa upole, halafu akamtazama mdogo wake Bianca na kumkonyeza.

Ni jambo la nusu sekunde. Shangazi aliweka kikombe cha chai chini.

"Rudisha."

Mwandishi wetu alirudisha.

"Rudisha tena." Safari hii alisogea mbele hadi ukingoni mwa kochi, akiwa amekunja mtoto wa jicho na mama yake. "Umeona? Huyo hajafunzwa kitu. Huyo ndiye mwalimu."

Hapo hoja ya lugha ikapata ufa wa kwanza. Mtu aliyekaa safu ya nyuma ya ukumbi mkubwa hawezi kuona ukope ukishuka. Kwenye filamu ukope una ukubwa wa mlango. Kamera ileile isiyo na adabu, iliyodai miti na kuwalazimisha watu wamfiche mtoto na plasta yake, ndiyo iliyompa Pickford njia ya kusema hotuba na kuifuta. Wala hakuongeza neno hata moja, la Taylor wala la mtu mwingine.

Usiku wa tatu waliutazama mchezo huohuo kama ulivyofanywa na Franco Zeffirelli mwaka 1967, na wanandoa wengine: Elizabeth Taylor na Richard Burton. Hawa waliingiza hata fedha zao wenyewe katika filamu. Wanafukuzana juu ya mapaa, wanaangukia lundo la sufu, wanapigiana kelele kwa raha isiyofichika.

"Hawa hawaigizi," Shangazi aliamua. "Hawa wameanzia nyumbani."

Mwandishi wetu alimsomea mtiririko wa mambo kutoka kwenye simu: walioana 1964, wakaachana 1974, wakaoana tena 1975, wakaachana tena 1976.

Shangazi alihesabu kwa vidole. "Talaka ya kwanza. Wakarejeana. Ya pili." Akabakiza kidole kimoja kimesimama. "Bado walikuwa na moja."

Kwa toleo la tatu la hadithi ileile, 10 Things I Hate About You la mwaka 1999, mwandishi wetu alitarajia ahueni. Hii haina Kiingereza cha kale. Waandishi wake, Karen McCullah Lutz na Kirsten Smith, waliihamishia Padua kwenye shule ya sekondari ya Marekani, ukoo wa mabinti wakauita Stratford kwa heshima ya mji aliozaliwa Shakespeare, na Petruchio akawa Patrick, kijana mwenye sifa mbaya anayelipwa ili amtoe Kat, msichana mkali, kwa sababu mdogo wake haruhusiwi kutoka na mvulana mpaka dada mtu atoke kwanza. Jengo la shule linafanana na ngome ya kifalme, na si la kubuni: ni Stadium High School ya Tacoma, jimbo la Washington. Kampuni ya reli ndiyo iliyoanza kulijenga ili liwe hoteli ya kifahari, likaungua mwaka 1898 kabla halijakamilika, na mwaka 1906 likafunguliwa kuwa shule. Ajali hiyo ikamletea Heath Ledger, aliyemwigiza Patrick, ngazi za kuimbia.

Shangazi alifurahi mahari iliporudi tena, sasa ikitolewa na mvulana tajiri badala ya baba. "Wamebadilisha nguo tu," alisema.

Kisha ikafika sehemu yenyewe. Kat anasimama mbele ya darasa kusoma shairi alilomtungia Patrick. Akafungua karatasi, akavuta pumzi, na kompyuta ya mwandishi wetu ikaamua kwamba huo ndio wakati wa kujisasisha. Kioo kikawa cha buluu. Asilimia 4. Asilimia 4. Asilimia 5.

"Hiyo ndiyo sehemu ya kulia?" Shangazi aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi tungoje."

Walingoja dakika arobaini na moja. Katika kungoja, mwandishi wetu alimsimulia kwamba jina la filamu lilitoka kwenye shajara ya McCullah ya ujanani, alikoorodhesha mambo anayoyachukia kwa mpenzi wake wa shuleni. Shangazi naye akasimulia kuhusu binamu mmoja wa Pangani aliyewahi kuandikiwa orodha kama hiyo, akaibandika ukutani na kumwoa aliyeiandika. Ilipofika asilimia 100, kompyuta ikawaka, filamu ikarudi, na Julia Stiles akasoma shairi lake machozi yakimtoka katikati ya mstari. Husimuliwa kwamba machozi hayo hayakuandikwa popote. Yalikuja yenyewe mara ya kwanza kamera ilipowashwa, na wakayaacha. Shangazi aliwahi kuyaona kabla hayajadondoka. "Kope hizo," alisema kwa sauti ya chini.

Kesho yake mchana, akichambua mchele, ndipo alipouliza huyu mtunzi ni nani hasa. Mwandishi wetu alimtajia jina, na Shangazi akasimamisha ungo.

"Si yule wa Mwalimu?"

Kwa Mtanzania wa umri wake hakuna utambulisho bora. Julius Nyerere alimtafsiri Julius Caesar mwaka 1963 akiwa tayari Rais, akarudia kazi hiyo mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Shangazi aliusoma wa pili shuleni na bado alikumbuka ratili ya nyama. Alichokataa katakata ni kwamba ule ni mchezo wa kuchekesha. Mwandishi wetu alimhakikishia kwamba kitabu kikubwa cha kwanza cha tamthilia za Shakespeare, cha mwaka 1623, kimeuweka katika kundi la futuhi. Shangazi alisema waliokipanga kitabu hicho hawakuwa na deni.

Kichwa hicho cha Kiswahili kimekuwa na ndugu wa mbali. Mfanyabiashara wa Shakespeare ni mmoja. Mwalimu, kwa wino wa enzi za Azimio la Arusha, akawafanya wengi na kuwaita mabepari. Huko New Zealand, Pei Te Hurinui Jones alikuwa amekwisha kuutafsiri mchezo huohuo kwa Kimaori mwaka 1945, akimwita mtu huyo mwenye mali wa Venisi, na mwaka 2002 mwongozaji Don Selwyn akaugeuza filamu ndefu inayozungumza Kimaori. Kiswahili nacho kilipanda jukwaani London mwaka 2012, waigizaji kutoka Kenya walipocheza Wanawake wa Heri wa Winsa katika ukumbi wa Globe. Humo ndimo mzee Falstaff anaposhindiliwa ndani ya kapu la nguo chafu. Shangazi aliposikia habari za kapu, aliuliza kama filamu yake ipo kwenye kompyuta. Haikuwapo.

Kilichokuwapo usiku huo ni Twelfth Night ya Trevor Nunn, ya mwaka 1996, iliyopigwa katika pwani ya Cornwall, Uingereza. Pacha wawili, Viola na Sebastian, wanatenganishwa na ajali ya meli. Viola anavaa kiume, anaajiriwa na mtawala wa nchi, anampenda, na anatumwa kupeleka posa kwa mwanamke ambaye badala ya kumpenda mposaji anampenda mjumbe. Katika zama za Shakespeare wanawake hawakuruhusiwa jukwaani, wavulana ndio waliowaigiza, kwa hiyo mtazamaji alimwona mvulana anayejifanya msichana anayejifanya mvulana, na hakuulizwa maswali. Nunn hakuwa na bahati hiyo. Ilibidi amkate nywele Imogen Stubbs, amfunge kifua kwa kitambaa, amjaze suruali na kumbandika masharubu, yote mbele ya kamera, kama wakili anayejua ushahidi wake una matundu.

"Mwanamke akijifunika gubigubi kwetu Ngamiani, nikimwona kwa mgongo namjua kwa mwendo," Shangazi alisema. "Huyu bwana anakaa naye chumba kimoja, anamvutia sigara usoni, hajui?"

"Ana masharubu, Shangazi."

"Hata bibi yako alikuwa nayo."

Wamarekani waliojaribu hadithi hiyo mwaka 2006, katika She's the Man, waliacha kabisa kutafuta ushahidi. Amanda Bynes anavaa wigi, anajiunga na timu ya soka ya wavulana katika shule iitwayo Illyria, jina la nchi ya kwenye mchezo, na anaharibu kila kitu anachokigusa kwa dakika mia moja. Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Kwake hii ilikuwa ya kuaminika zaidi kuliko ile ya Cornwall, maana hapa msichana mwenyewe alionekana anajua kwamba hafanani na mvulana hata kidogo, na alikuwa na hofu inayostahili.

Much Ado About Nothing waliitazama katika matoleo mawili. Toleo la Kenneth Branagh, la mwaka 1993, lilipigwa katika jumba la Vignamaggio, Toscana, likijaa jua, farasi na watu wanaopiga mbio kwenda kuoga. Denzel Washington ni mwana wa mfalme na Keanu Reeves ni nduguye mwovu. Baadhi ya wahakiki hawakumsamehe Reeves. Aliwania Razzie, tuzo wanayopewa waliovurunda. Shangazi alichotaka kujua ni kimoja tu.

"Hawa ndugu?"

"Ndugu wa baba mmoja."

"Mama mbalimbali. Haya, endelea."

Kiini cha futuhi hiyo ni kusikiliza yasiyokuhusu. Benedick na Beatrice wameapa kutooa wala kuolewa. Marafiki wanajua kila mmoja amejificha wapi, wanasimama karibu na kuongea kwa sauti kuhusu jinsi mwingine anavyokufa kwa mapenzi. Jukwaani mti mmoja wa kuchora unatosha kumfichia mtu. Branagh, aliyemwigiza Benedick mwenyewe huku Beatrice akiwa mkewe wa wakati ule, Emma Thompson, alitumia bustani nzima, na bado kilichomchekesha Shangazi zaidi ni kiti cha kukunja kilichogoma kukunjuka. Alikifahamu kiti kile. Kilikuwa na ndugu yake kwenye ukumbi wa harusi ya mwanawe wa pili.

Toleo la Joss Whedon lina hadithi ya ndani ya nyumba kwelikweli. Mwaka 2011, akiwa amemaliza kupiga picha za The Avengers, filamu ya mashujaa iliyogharimu mamilioni mengi ya dola, alikuwa amepanga kwenda Venice na mkewe, Kai Cole. Mke akamshauri abaki nyumbani apige filamu aliyokuwa akiiota. Wakakaribisha marafiki katika nyumba yao ya Santa Monica, iliyochorwa na Cole mwenyewe, ambaye ni msanifu majengo, na kwa siku 12 wakaipiga Much Ado yote, kwa picha nyeusi na nyeupe.

"Mwanamke aliahidiwa Venice," Shangazi alisema, "akaletewa wageni siku kumi na mbili?"

"Wazo lilikuwa lake."

"Nani alisema?"

Kwa sababu ni nyumba ya watu, ajali zake ni za nyumbani. Beatrice, akisikia kwamba Benedick anampenda, anakosa ngazi na kuporomoka. Halafu anajificha chini ya meza ya jikoni, na akitaka kuinuka anajigonga kichwa. Shangazi aligusa utosi wake mwenyewe. Mwandishi wetu aligundua kwamba tangu usiku wa kwanza hajaulizwa maana ya hata neno moja. Shangazi alikuwa ameuliza kuhusu miguu, mabati, mahari, mwendo na kiti. Kiingereza cha Shakespeare kilimpita juu kama ndege ya mizigo, naye hakukosa lolote.

Filamu pekee iliyomshinda ni Love's Labour's Lost ya Branagh, ya mwaka 2000, ambamo vijana wanne wanaoapa kusoma miaka mitatu bila kuonana na wanawake wanaimba na kucheza nyimbo za miaka ya 1930. Alilala wimbo wa pili. Hakuwa peke yake: nchini Marekani filamu hiyo haikukusanya hata dola 300,000.

Kwa usiku wa mwisho mwandishi wetu alikuwa ameweka akiba kitu cha kumshangaza. The Comedy of Errors ndio mchezo mfupi kuliko yote ya Shakespeare na wenye vurugu kuliko yote: mabwana wawili pacha wenye jina moja, na watumishi wao wawili pacha, nao wana jina moja, wote katika mji mmoja siku moja. Jukwaani ni mtihani. Ben Jonson, mtunzi wa zama hizohizo, alimsimulia mwenyeji wake wa Scotland kwamba aliwahi kutaka kutunga mchezo wa watu wanaofanana, akaacha kwa kukosa waigizaji wawili ambao watazamaji wangekubali kuwa ni mtu mmoja. Shakespeare alihitaji jozi mbili na hakujali.

Kamera, kwa mara moja, inarahisisha. Katika zama za mkanda, mwigizaji alisimama kushoto nusu ya lenzi ikiwa imezibwa. Mkanda ukarudishwa nyuma, ikazibwa nusu ya pili, naye akabadili shati, akaenda kulia na kuzungumza na hewa ile aliyokuwa amesimama yeye mwenyewe saa moja kabla. Na walioipenda hila hiyo kuliko wote ni Wahindi. Ishwar Chandra Vidyasagar aliusimulia mchezo huo kwa Kibengali mwaka 1869 kwa jina la Bhranti Bilas. Mwaka 1963 ukawa filamu ya Kibengali akiwamo Uttam Kumar. Mwaka 1968 ukawa Do Dooni Char ya Kihindi. Na mwaka 1982 Gulzar akatengeneza Angoor, yaani zabibu.

Mwandishi wetu alikuwa amepanga kuyasema hayo yote kwanza. Lakini feni iligeuka, mnara ukayumba, waya ukachomoka, na alipomaliza kuurudisha dakika za mwanzo zilikuwa zimekwisha kupita.

"Sanjeev Kumar!" Shangazi aliita, kama mtu aliyekutana na jirani stendi ya mabasi.

"Unamjua?"

"Na huyo ni Deven Verma. Wako wawili wawili. Ashok na Ashok, Bahadur na Bahadur. Huyu amekuja kununua shamba la zabibu, anaona wezi kila mahali. Ngoja ufike kwenye bajia, zimetiwa bangi, nyumba nzima inalewa." Alikuwa ameitazama kwenye deki ya jirani yao miaka ya themanini, kanda imetoka Mombasa, watoto wamejaa hadi dirishani. Kihindi hakujua, na hakuna aliyejua. Waliirudia mpaka kanda ikakatika.

Bajia zikaja. Nyumba nzima ikalewa. Na katikati ya kicheko televisheni ikazima, na feni, na friji ikanyamaza jikoni. Uniti za LUKU zilikuwa zimekwisha. Mwandishi wetu alikuwa ameahidi kununua tangu Jumanne.

Gizani Shangazi hakusita. Alimalizia filamu kwa mdomo, sauti nne tofauti, ya mke, ya shemeji, ya Ashok huyu na ya Ashok yule, hadi pacha wakakutana na mama yao. "Halafu mwisho kabisa," alisema, "inakuja picha ya mzungu mmoja, mzee mwenye kipara, nywele kama pazia huku na huku. Anakonyeza."

Mwandishi wetu alisema hilo atakuwa amelichanganya na filamu nyingine.

Alinunua umeme kwa simu. Alikwenda kwenye mita na tochi mdomoni, akabonyeza tarakimu ishirini, akakosea moja, akazirudia zote, akakosea nyingine. Mara ya tatu nyumba ikawaka. Akaupanga mnara upya, akasogeza filamu hadi dakika ya mwisho, na wote wawili wakainama mbele.

Picha ikaja: kipara, pazia la nywele, kola. Ukope mmoja ukashuka, ukapanda.

"Si huyo," Shangazi alisema.

"Shangazi, huyo ndiye Shakespeare. Huyo ndiye wa Mwalimu."

Shangazi alimtazama yule mzee kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani ndiye mwenye studio."